Panya Wakishazalia Kwenye Vitambaa Vyako

Mvua za Machi zikishika Jinja, panya huhama. Mashimo yao kwenye mitaro na chini ya migomba hujaa maji, nao huingia majumbani kutafuta pakavu, chakula, na kitu laini cha kuwatandikia watoto wao. Katika nyumba ya mtu anayeshona, hakuna kilicho laini kuliko gunia la vipande vya vitenge. Ikifika Mei, watu huanza kunifuata Walukuba na magunia yao, na swali lao ni moja: "Fundi, nivifue au nivichome?"

Kazi yangu ni kushona mifarishi ya viraka na vitambaa vya makochi. Magunia ninayoletewa huwa na vitu ambavyo pesa haivirudishi: mabaki ya gomesi (lile vazi refu la wanawake wa Uganda) ya marehemu mama, kanga aliyokuja nayo bibi kutoka Mombasa, mashuka ya Nytil ya enzi zile kiwanda hicho cha hapa Jinja kilipokuwa kikiajiri maelfu ya watu na nusu ya jirani zetu wakiamkia zamu zake. Ukienda Kiyembe, Kampala, utapata kitenge cha kila rangi, lakini hivyo hutavipata. Kwa hiyo naumia nikisikia mtu amevimwagia mafuta ya taa nyuma ya nyumba akavitia kiberiti. Vingi vinavyochomwa vingepona. Na naumia zaidi nikimkuta mtu anavikung'uta barazani kwa nguvu zake zote, vumbi linapanda, watoto wamesimama pembeni wanatazama.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza huwa halihusu sabuni hata kidogo. Huwa nasema, "Mama, usivitikise."

Mkojo na kinyesi cha panya vikikauka hugeuka vumbi jepesi sana. Ukikung'uta, ukifagia, au ukipiga upepo wa feni, vumbi lile linapanda na unalivuta puani. Ndani yake mnaweza kuwa na bakteria wa salmonela, ambao huvumilia ukavu kwa muda mrefu. Mkojo ambao bado ni mbichi una hatari yake nyingine. Panya hubeba bakteria wa leptospira na kuwatoa kwa mkojo, nao humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi au kupitia macho na mdomo. Ni ugonjwa uleule uliozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022, watu wakaujua kwa jina la homa ya mgunda. Leptospira hupenda unyevu na hufa akikauka, kwa hiyo gunia lililokaa kavu miezi mingi halitishi kwa upande huo kama gunia lililolowa wiki hii. Lakini kwa macho huwezi kujua lipi ni lipi, na mikono ya washonaji haikosi matundu ya sindano. Vaa glavu.

Halafu kuna viroboto. Wasomaji wangu walioko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hasa Arua na Zombo, wanajua ninachokizungumzia, maana tauni haijawahi kuwa hadithi ya vitabuni kwao. Kiroboto hukaa kwenye manyoya ya panya akinyonya damu. Panya akifa na mwili ukapoa, kiroboto hutoka kutafuta mwili mwingine wenye joto, na kiota cha vitambaa ni mahali pazuri kwake pa kungojea. Ukiishi upande ule ukakuta panya aliyekufa ndani ya gunia, usimshike wala usilipekue gunia. Funga chumba, wapigie watu wa afya wa kijiji au nenda kituo cha afya. Kitambaa kitangoja.

Kwa sisi wengine, utaratibu ni huu. Fungua milango na madirisha, toka nje, acha chumba kipate hewa nusu saa nzima. Rudi na glavu na barakoa. Ile ya N95 ndiyo inayozuia vumbi jembamba. Ya kitambaa ni afadhali kidogo kuliko kutovaa. Watoto, mjamzito na mwenye pumu wakae mbali siku hiyo. Changanya kipimo kimoja cha Jik, ile dawa ya klorini ya kupaushia nguo, na vipimo tisa vya maji, mchanganyiko wa siku hiyohiyo na si wa juzi, unyunyizie sakafu, rafu na sehemu zote ngumu zenye kinyesi. Acha dakika 5 vilowe, kisha zoa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa. Usifagie. Gunia lenyewe unalinyunyizia maji yenye sabuni kwa nje na juu juu kwa ndani mpaka liwe na unyevu, vumbi litulie, ndipo unalitoa nje bila kuliburuta.

Utakuwa umeona nimesema Jik ni ya sakafu. Kwenye vitambaa vyenyewe usiimwage, na sababu si rangi peke yake. Mkojo uliokaa hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Jik ikikutana na amonia hutoa gesi inayokaba kifua, na katika chumba kidogo gesi hiyo inaweza kumlaza mtu hospitali. Ukichanganya Jik na siki ni vilevile, inatoka gesi ya klorini. Nimeona watu wakitia vyote viwili ndani ya beseni moja kwa kuamini kwamba vikali viwili ni bora kuliko kimoja. Tafadhali, usifanye hivyo kamwe.

Ukishatoa vitambaa nje, kabla hujavilowesha, tazama. Dakika unazotumia kutazama ndizo zitakazokuambia maji ya aina gani na sabuni gani. Watu wengi husema "panya" kwa kila doa, kumbe nusu ya madoa ninayoletewa yameachwa na wengine kabisa.

Panya huacha kinyesi chenye ncha, mara nyingi chenye kijinyoya kilichonasa ndani, kwa kuwa hujilamba. Mkojo wake huacha madoa ya manjano yenye ukingo uliokolea, na mara nyingi ni mistari ya matone, kwa sababu panya hudondosha mkojo huku akitembea. Pale alipotafuna, nyuzi zimekatika ovyo, na sehemu aliyojengea kiota zimechambuliwa zikawa kama pamba. Mende mkubwa mwekundu naye huacha kinyesi kinachofanana sana na cha panya mdogo, lakini ncha zake ni butu na pembeni kina mistari. Mende wale wadogo wa jikoni huacha vidoa vya kahawia iliyoiva na mikwaruzo kwenye mikunjo ya nguo, na ukiangalia vizuri utakuta vifuko vyao vya mayai kwenye mshono. Mjusi wa ukutani, yule anayekesha karibu na balbu, kinyesi chake ni cheusi chenye kichwa cheupe. Kunguni huacha vidoa vyeusi vilivyosambaa kama wino kwenye karatasi laini, kwani ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni. Mchwa huacha udongo na mapango. Na ukikuta doa kubwa la kahawia linalonuka vibaya, limetoka juu likishuka, tazama dari: huenda una popo.

Kuna kitu kinachosaidia ambacho wengi wenu mnacho na hamjui. Ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo mawakala wa pesa za simu na wenye maduka hutumia kukagua noti bandia huonyesha mkojo wa panya uliokauka. Zima taa, mulika gunia, na njia aliyopita panya hujitokeza kwa mng'ao hafifu wa samawati au manjano. Inafaa sana kwa sanduku, rafu na pembe za ukuta. Kwenye kitambaa, hasa cheupe, uwe mwangalifu. Sabuni za unga huacha dawa ya kung'arisha ambayo nayo hung'aa chini ya mwanga huo, hivyo shuka safi kabisa linaweza kuwaka lote. Tafuta matone na mistari. Kitambaa kilichong'aa sawasawa chote, hiyo ni sabuni.

Sasa kufua. Kanuni ninayoisimamia, na nimebishana nayo na mafundi wenye umri kunizidi, ni kwamba maji ya kwanza yawe ya baridi. Nguvu ya mazoea inatuambia uchafu wa namna hii upigwe maji ya moto mara moja, na naelewa kwa nini. Mtu anataka kuua vijidudu. Lakini mkojo, kinyesi, damu na mayai vyote vina protini, na protini ikipata moto huganda na kushikamana na uzi wa pamba. Ukianza na moto, vijidudu vitakufa na doa litakaa maisha. Anza na baridi: suuza kwenye maji mengi, mwaga, suuza tena, mpaka maji yatoke bila rangi. Moto una zamu yake baadaye.

Maji hayo ya kwanza yamwagwe chooni. Usiyamwage uani wanapocheza watoto, wala kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Baada ya hapo loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni yenye vimeng'enya. Sabuni nyingi za unga zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za kufulia huwa navyo; soma orodha ya viambato kwenye pakiti. Kimeng'enya ni kitu kinachokata protini vipandevipande, na ndicho kinachomaliza harufu ya panya, ambayo sabuni ya mche peke yake huwa haiimalizi. Huyu panya mdogo wa nyumbani hutoa kwenye mkojo wake protini maalumu zinazoshika harufu na kuiachilia polepole, ili panya wengine waisome siku nyingi baadaye. Basi ndiyo sababu unafua leo, kitambaa kinanukia sabuni, na wiki ijayo mvua ikinyesha harufu inarudi. Protini bado imo ndani ya uzi, na unyevu wa hewa unaiamsha. Vimeng'enya vinahitaji muda, saa kadhaa au usiku kucha, na vinahitaji maji yasiwe ya moto, kwa kuwa moto huviharibu. Ukishaviacha vikafanya kazi, suuza, kisha loweka tena kwa muda mfupi kwenye maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne hivi vya maji, kuondoa kile kinachobaki cha amonia. Suuza siki yote itoke.

Ndipo moto unaingia. Pamba nyeupe na mashuka unaweza kuyafua kwa maji ya nyuzi 60 na zaidi, na kama ni kunguni hiyo ndiyo njia, kwani joto hilo linaua mdudu na yai lake. Kitenge usikichemshe.

Kitenge kinastahili maneno yake. Kwanza, kikitoka dukani kimejaa wanga, ule ugumu unaokifanya kipige kelele ukikikunja. Mende hula wanga. Yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani naye hula wanga. Mtu anayeweka kitenge kipya sandukuni miaka mitano "kisichakae" amewawekea chakula. Kwa maoni yangu kitenge cha kuhifadhiwa kifuliwe kwanza wanga utoke, kikauke kabisa, ndipo kikunjwe. Wachuuzi hawatakubaliana nami, kwa kuwa kilichofuliwa hakiuziki kama kipya, lakini sisi hapa tunazungumza kuhusu kitambaa cha kushonea.

Pili, rangi. Kabla hujakiloweka na wenzake, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kiweke juu ya kona ya kitenge, pitisha pasi ya moto, uangalie. Kama rangi imehamia kwenye cheupe, kitenge hicho kifuliwe peke yake, haraka, kwa maji ya baridi. Wekundu na buluu iliyokolea ndio wasumbufu. Kwa doa gumu la mende kwenye pamba nyeupe natumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Natia tone kwa tone, nangoja, nasuuza. Kwenye kitenge cha rangi naijaribu kwanza kwenye pindo. Limau na jua, dawa ambayo kila mtu anaipendekeza, ni njia ya kupausha pia, na haichagui kati ya doa na ua la kitenge.

Kinyesi cha mjusi kinawashinda watu kwa sababu wanakipigania kwa siki. Kile kichwa cheupe ni asidi ya yuriki, ambayo karibu haiyeyuki kwenye maji, na kwenye siki ndiyo inakataa kabisa. Inalegea kwenye kitu cha upande wa pili, yaani maji ya sabuni ya mche au magadi. Acha kikauke, kikwangue kwa ukucha wa glavu au kijiko, halafu paka sabuni nzito ya mche uiache kwa muda kabla ya kusugua. Udongo wa mchwa nao uache ukauke kwanza. Ukiusugua ungali mbichi unaupeleka ndani ya nyuzi.

Gomesi za hariri zina kanuni zake, na hapa nakuomba upunguze mwendo. Hariri yenyewe ni protini, kama sufu. Jik huila hariri mpaka ikayeyuka, na sabuni ya vimeng'enya huila polepole bila wewe kujua, maana kimeng'enya hakitofautishi protini ya mkojo na protini ya kitambaa. Tumia maji ya baridi na shampuu laini ya mtoto, usikamue, laza juu ya taulo, ikunje na taulo ishike maji. Hariri na sufu ndivyo pia nondo huvifuata. Anayekula ni kiwavi wake, si yule mpevu anayeruka, na huanzia pale palipo na jasho au tone la mchuzi, kwapani na kifuani. Ukiwa na jokofu la kugandisha, kunja hariri ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uiache humo wiki mbili kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Huua viwavi na mayai bila dawa yoyote.

Na lubugo, kitambaa cha gome la mti. Kuna Hajati mmoja alinifikia na lubugo la familia ambalo panya walikuwa wamezaa katikati yake, akaniomba nilifue. Nikamwambia, "Hajati, hili halitiwi kwenye beseni." Lubugo hutolewa kwenye gome la mti wa mutuba, na halikufumwa, nyuzi zake zimeshikana kwa kugongwa nyundo za mbao. UNESCO ilitambua ufundi huu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008, lakini hapa Uganda hatukuhitaji kuambiwa, tunajua linavyowekwa kwa mfalme na linavyofungwa kwa marehemu. Ukiliroweka hulegea, na rangi yake ile ya udongo huchuja. Tulilitoa nje kwenye upepo, tukaliacha likauke kabisa. Tukiwa na barakoa tukaliondolea kinyesi kwa kibano, halafu kwa brashi laini tukipiga kuelekea upande mmoja, upepo ukiwa mgongoni mwetu. Palipokuwa na mkojo tulipagusa kwa sponji iliyokamuliwa sana, bila kusugua. Alama ilibaki. Hajati aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, lina umri, liache na alama zake." Sehemu iliyochambuliwa tulitia kiraka cha lubugo jingine kwa sindano ya mkono, kama mafundi wa lubugo wanavyoziba matundu tangu zamani.

Kukausha ni sehemu ambayo hapa kwetu ina adui wake wa pekee. Nzi wa maembe hutaga kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizotundikwa kivulini, na huvutwa na harufu ya mkojo. Sasa fikiria kitambaa ambacho harufu ya panya haijakwisha, kimeanikwa chini ya mwembe jioni. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na kiwavi anaweza kungoja ndani ya nguo mpaka kama wiki mbili apate ngozi ya kuingia. Ukimlaza mtoto juu ya mfarishi huo, utaona majipu ambayo yana kitu kinachotembea ndani. Anika juani, kwenye kamba iliyo juu, kamwe si kwenye nyasi, na uanue kabla jua halijalegea. Kisha piga pasi pande zote mbili, pamoja na mishono, polepole, moto upenye. Kila mama wa Uganda anapiga pasi mpaka mashuka na chupi kwa sababu hii. Ila usipige pasi mpaka umenusa na kuridhika kwamba harufu imekwisha, kwani pasi nayo ni moto, nayo hugandisha doa lililobaki.

Kuna vya kutupa, na sitaki nionekane kama mtu anayeokoa kila kitu. Pamba ya kujazia, sponji na sufi vilivyonyonya mkojo, tupa. Huwezi kuvisafisha mpaka ndani. Kitambaa alichofia panya, tupa. Mfarishi uliokwisha shonwa na kujazwa, fumua, tupa tumbo lake, okoa ngozi. Kilichochafuliwa na popo kwa wingi, chenye kinyesi kilichorundikana, tupa bila kukipekua, kwa kuwa kinyesi cha popo huotesha kuvu inayoathiri mapafu. Lakini kitambaa kilichotafunwa kona, au kilichobaki na doa moja lisilotoka baada ya kufuliwa vizuri, hicho ni cha kukata. Uzuri wa viraka ndio huo: ninakata doa, na kilichobaki, hata kikiwa upana wa kiganja, kinaingia kwenye kazi. Vya kutupa vifungwe kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) mbili kabla ya kuwekwa kwenye taka.

Nikimaliza kufua vya mtu, ananiuliza avihifadhi vipi, na wengi hutangulia kutaja zile tembe nyeupe za naftalini zinazouzwa sokoni. Hapa nina ukali kidogo. Naftalini ikivutwa au kugusana na ngozi ya mtoto mchanga huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria nyingi, Uganda ikiwamo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Mtoto anageuka manjano, macho na ngozi, na manjano hayo yakizidi huharibu ubongo. Mfarishi wa mtoto uliokaa kwenye naftalini na kutolewa sandukuni moja kwa moja mpaka kitandani ni hatari ya kweli. Mimi siziweki kwenye kitambaa chochote, kwa sababu sijui kipande gani kitaishia kwa mtoto wa nani. Kama zako umekwisha kuziweka, fua na uanike juani mpaka usisikie harufu hata kidogo kabla mtoto hajakigusa.

Karafuu na majani ya mwarobaini yananukia vizuri na yanaweza kumpunguza nondo, lakini panya hayamshughulishi. Panya anazuiwa na bati. Lile sanduku la bati ambalo watoto wetu hupeleka shule ya bweni ndilo hifadhi bora ninayoijua, liwe limeinuliwa juu ya matofali na kusogezwa mbali na ukuta. Pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza linafaa pia mpaka siku atakapoamua kulitafuna. Gunia na boksi la karatasi ni mwaliko. Ziba mashimo: panya mdogo hupita kwenye tundu ambalo kalamu ya kawaida inapita, kwa hiyo usiliache tundu kwa kuliona dogo. Waya wa kusugulia sufuria, usokotwe na kusukumwa ndani, kisha saruji juu yake. Mahindi na karanga zisikae chumba kimoja na vitambaa, hata kwa wiki moja ya mavuno. Sumu zisizo na nembo zinazotembezwa mitaani siziruhusu nyumbani kwangu. Panya akiila hufia ndani ya ukuta au ndani ya gunia lenyewe, na mtoto hajui tofauti ya punje ya sumu na punje ya chakula.

Kabla ya Machi na kabla ya Septemba, natoa kila kitu nje, natikisa kilicho safi, natazama mishono, narudisha. Gunia geni, hata likitoka kwa rafiki, haliingii ndani siku ya kwanza. Linakaa barazani limefungwa kwenye kaveera nyeusi juani, linafunguliwa nje, na kitakachokutwa ndani kinaamua kama litapita mlango.